Moto Usiozinduliwa Hauzimwi

Nchi ninayoitaja haipo kwenye ramani. Zamani ilikuwepo, lakini ramani iliungua pamoja na ofisi ya ramani, mgeni rasmi akiwa bado njiani. Kwa hiyo, msomaji mwema, usiitafute. Na ukiona kitu kinachofanana na kwenu, jua ni moshi tu umekuingia machoni.

Ninachosimulia ni sifa za Kikosi cha Zimamoto na Mapokezi cha Jiji Kuu. Ninakijua vizuri, kwa sababu shule yetu ya bweni ilipewa heshima ya kutoa kwaya kwenye mioto yote mikubwa, na mimi naimba sauti ya tatu, mstari wa nyuma, karibu na wale wanaocheka. Tunaipenda mioto. Siku ya kawaida tunakula maharage ambayo wadudu wameshayala kabla yetu. Siku ya moto tunakula pilau na soda, na hesabu hatufanyi. Kila asubuhi mkuu wa shule anapotuambia tuliombee jiji, sisi tunaliombea kwa namna yetu.

Kikosi kilianza kishamba, kama vikosi vya nchi nyingine. Kulikuwa na gari moja jekundu, zawadi ya marafiki wa ng'ambo waliokuwa wamechoka kulisukuma, na vijana wachache wenye kofia za bati. Moto ukitokea walikwenda mbio, wakauzima, wakarudi kunywa chai. Hakuna hotuba, hakuna turubai, hakuna hata maua ya plastiki. Wazee wakisimulia mambo haya huinamisha macho.

Kisha soko kuu likashika moto. Mtukufu, yaani kiongozi wetu mkuu, alipata habari, akaacha shughuli zake, akaja na msafara mzima. Alikuta majivu yamelowa na vijana wamekaa juu ya ndoo zao.

"Moto uko wapi?" akauliza.

"Tumeuzima, Mtukufu," akajibu mkuu wa kikosi.

"Mmeuzima. Moto wa wananchi wangu, mmeuzima peke yenu, bila mimi."

Mkuu wa kikosi alidhani anasifiwa, akasema ahsante. Wiki hiyohiyo alihamishiwa idara ya kuhesabu mamba, na mamba ndio waliofunga hesabu.

Hapo ndipo nchi ilipompata mtu wake. Sajini mmoja kijana, Fulgence Chitete, alisimama mbele ya wakubwa akaeleza kwamba kosa halikuwa kuzima moto. Kosa lilikuwa kuuzima bila kuuzindua. Barabara huzinduliwa, alisema. Kisima huzinduliwa. Choo cha shule ya msingi huzinduliwa na mkuu wa mkoa, tena yeye ndiye wa kukitumia kwanza. Moto umekosa nini?

Wakubwa walilia. Ndivyo ulivyozaliwa Utaratibu wa Chitete, ambao sisi tunausoma darasani na haukosi kwenye mtihani. Moto wa sufuria na pazia huzinduliwa na balozi wa nyumba kumi. Moto wa chumba kimoja ni wa diwani. Nyumba nzima ni ya mkuu wa wilaya. Nyumba ya ghorofa yenye mtu ndani anayepiga kelele, hiyo ni ya waziri. Na kiongozi akiungua yeye mwenyewe, mgeni rasmi sharti awe mkubwa kuliko yeye, kwa kuwa mtu hawezi kujizindua. Kabla mgeni rasmi hajakata utepe uliofungwa kwenye mpira wa maji, tone halitoki, wala ngazi haiinuliwi. Na kabla ya utepe huimbwa wimbo wa taifa, na wimbo wa taifa ukiimbwa hasogei mtu.

Hilo la kutosogea naomba lieleweke. Shuleni kwetu mwenzetu mmoja, Onesmo, alijikuta amesimama juu ya njia ya siafu wakati wa wimbo wa Jumatatu. Hakusogea. Alipewa cheti, pamba ya vidonda, na ruhusa ya kutovaa viatu muhula mzima. Mpaka leo anatembea upandeupande, lakini cheti kimo ukutani.

Sajini Chitete alitumikia Utaratibu wake mpaka akastaafu. Inasemekana nyumba zilizoungua chini ya uangalizi wake ziliungua kwa nidhamu kubwa. Alipostaafu miguu yake nayo ilistaafu, akahamia kwa binti yake, Leokadia, mshona magodoro ya sufi katika Mtaa wa Godoroni. Chini ilikuwa karakana, juu chumba cha mzee. Asubuhi Leokadia alimbeba baba yake mgongoni akamteremsha barazani. Jioni akambeba akampandisha. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na mikono mikubwa.

*

Asubuhi ya moto, mzee alikataa kuteremshwa. Redioni Mheshimiwa Dakta Gervas Mtandi, Waziri wa Majanga na Sherehe, alikuwa anahutubia, na Chitete hakuwahi kuondoka mbele ya hotuba ambayo haijakwisha.

"Baba, nina wateja chini, nitachelewa," Leokadia alimwambia.

"Mwanangu, waziri anaongea. Nenda, utanifuata akimaliza."

Leokadia alishuka. Alikuwa ameacha juu ya meza pasi ya mkaa aliyopigia mishono. Cheche ikaruka ikatua kwenye rundo la sufi. Sufi haipigiwi debe ili iwake. Leokadia alikuwa mlangoni akimshawishi mteja achukue na mito, na alipogeuka ngazi ya mbao ilikuwa inawaka kuanzia kidato cha chini. Majirani waliingia wakavuta nje magodoro waliyoyaweza. Mzee hawakumweza.

Kikosi kilifika upesi sana, hilo hakuna wa kulibisha. Kilifika na turubai, viti vya kukodi, vipaza sauti, jenereta, na gari limejaa maji mpaka linacheua. Nyuma yake tulikuja sisi kwenye basi la shule, tumevaa tai, tumeshaanza kunusia pilau.

Kamanda Machumu Bundala aliruka kutoka kwenye gari. Alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu aliyoyapaka mafuta kwa ajili ya kazi. Aliutazama moto kama fundi cherehani anavyomtazama mteja.

"Ghorofa?" akauliza.

"Ghorofa, Afande," akasema Leokadia, "na baba yangu yuko juu, hana miguu, nakuomba..."

"Dada, taratibu. Anapiga kelele?"

Dirisha la juu likafunguka, kikatoka kichwa cha mvi.

"Bundala! Ni wewe?"

Kamanda akagonga visigino. "Naam, Afande!" Kisha akamgeukia karani wake. "Anapiga kelele. Ni wa waziri. Piga simu."

Mtaa mzima ulishangilia. Mtaa wa Godoroni haukuwahi kufikiwa na mtu mkubwa kuliko afisa afya, na huyo alipotea njia.

"Waziri mwenyewe?" mzee akauliza kutoka dirishani. "Siyo naibu?"

"Mwenyewe, Afande. Amekatiza hotuba."

"Nilisikia imekatika, nikadhani ni betri." Uso wa mzee ulikuwa unang'aa, na si kwa moto tu. "Leokadia! Umesikia? Waziri anakuja kwa baba yako."

Akarudi ndani, akajikokota, na alipotokea tena alikuwa amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba. Jirani mmoja, Mama Nsia, muuza mihogo, akamkumbatia Leokadia. "Hongera, mwaya! Kuletewa waziri si mchezo. Mimi niliunguliwa jiko, akaja balozi, tena na kandambili."

Leokadia alijinasua. Akaanza kuliburuta godoro la kwanza kulisogeza chini ya dirisha, ili baba yake ajitupe. Wahudumu wenye fulana za kikosi wakamwahi. Uwanja wa turubai ulikuwa na tope, viti vya wageni vilikuwa vinazama, na magodoro yalikuwa yameshapangiwa kazi.

"Kaka zangu, nipeni matatu tu," aliwaambia. "Mawili. Nipeni moja."

"Ukumbi umeshapambwa, dada," mmoja akamjibu kwa upole. "Ukitoa moja hapo, kiti cha mkuu wa wilaya kinapinda."

Fundi rangi wa mtaani alikuja mbio na ngazi yake begani. Alifika mpaka ukutani, akaisimamisha, akakanyaga kidato cha kwanza, akakamatwa kwa kosa la kujifanya Zimamoto. Ngazi ilichukuliwa kama kielelezo, na baadaye ikafaa sana kutundikia spika.

Leokadia alipojaribu kuingia mlangoni mwenyewe, askari wawili walimshika, si kwa ubaya. Walimketisha mstari wa mbele, wakambandika ua la karatasi kifuani. Ua hilo ni la Mwenyeji wa Moto. Mwenyeji haondoki kabla ya mgeni. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua.

*

Wakati waziri yuko njiani, serikali ilianza kufika kwa mafungu. Kwanza lilikuja greda. Barabara ya Godoroni ilikuwa na mashimo ambayo watoto walijifunzia kuogelea, na ombi la kuichonga lilikuwa na umri wa Leokadia. Sasa greda lilikuwa linachonga, na watu walikuwa wanalifuata nyuma wakilia kwa furaha.

Juu, moshi ulibadilika rangi. Mzee Chitete alikohoa, akaegemea dirisha.

"Bundala, mwanangu," akaita kwa sauti ya chini kidogo. "Hebu utazame tena huu moto. Mimi kwa uzoefu wangu naona ni wa diwani."

"Afande unajishusha."

"Sijishushi. Nauona kwa ndani, wewe unauona kwa nje. Ni moto mdogo sana. Ni wa balozi! Na balozi yule pale, amevaa msuli. Mpe mkasi!"

Balozi wa nyumba kumi alijificha nyuma ya mke wake.

"Afande," Kamanda akasema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, "wewe ndiye uliyetufundisha. Moto haushushwi cheo. Ukishuka leo, kesho mwananchi atazima kwa kikombe."

"Nilisema hivyo?"

"Chuoni, Afande. Nilisahau, ukanichapa mpaka nikakumbuka."

"Nilikuchapa kwa sababu ulikuwa mjinga, Bundala!"

"Ahsante, Afande. Ilinisaidia."

"Basi usiwe na akili leo!"

Mtaa ulianza kunung'unika. Mama Nsia alisimama, mikono kiunoni. "Mzee, usituharibie! Greda limefika kwa muuza mkaa, bado kipande cha mtaroni tu. Ukiteremka sasa litageuza!"

"Mama Nsia, naungua!"

"Sote tumeunguzwa na maisha, baba. Vumilia kidogo!"

Leokadia alimtazama Mama Nsia kwa muda. Walikuwa wamechota maji bomba moja tangu wasichana. Mama Nsia alitazama barabara.

Greda lilipomaliza, barabara ilikuwa nyororo kama kipara, na vumbi lake lilikuwa limesimama hewani kama ukuta. Karani akamnong'oneza Kamanda kwamba Mheshimiwa ana mafua ya vumbi. Kamanda hakusita, hakuwa kamanda kwa bahati. Alipiga filimbi. Gari jekundu likawashwa, likageuza polepole mbele ya nyumba inayowaka, likaondoka.

Mzee Chitete alilifuata kwa macho.

"Bundala. Gari linakwenda wapi?"

"Linamwagia barabara, Afande. Vumbi."

Tulikuwa tunalisikia gari likimwaga maji kutoka mtaroni mpaka barabara kuu, kwenda na kurudi, na watoto wakilifuata wakioga. Nadhani mzee ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza nchini kuuelewa Utaratibu wa Chitete. Alifunga kifungo cha juu cha koti, akamtafuta binti yake kwa macho.

"Leokadia."

"Baba."

"Ungenibeba asubuhi."

"Ulikataa, Baba."

"Ungenibeba kwa nguvu," akasema mzee. "Mtu kama mimi habembelezwi."

*

Waziri alifika bila chembe ya vumbi. Mshereheshaji aliitambua meza kuu, akamtambua kila aliyekaa, akawatambua wake zao, kisha akasema itifaki imezingatiwa, akaanza upya kwa kuwa mkuu wa wilaya aliingia kachelewa. Tulipewa ishara. Mwalimu wetu wa muziki aliinua mkono wa kulia, vidole vimekusanyika kama anayeokota chumvi. Ndivyo anavyotuanzisha siku zote. Wimbo wetu wa taifa una beti tano. Watu wadogo huimbiwa mbili. Waziri huimbiwa zote.

Meza kuu ilisimama. Mtaa ulisimama. Kamanda alipiga saluti. Na hapo juu, dirishani, Sajini mstaafu Fulgence Chitete, ambaye miguu yake haikuwa imembeba kwa miaka, alishika fremu kwa mikono yote miwili, akajivuta, akasimama. Mazoea ni kitu kikubwa. Alipiga saluti huku moshi unamtoka kwenye mikono ya koti.

Sakafu ilianza kulia katikati ya ubeti wa pili.

Leokadia peke yake ndiye aliyesogea. Askari hawakumshika; wangemshikaje wakati wa wimbo? Alikimbia kutoka mstari wa mbele akiwa na ua lake kifuani, akipita katikati ya watu walioganda, na kitu pekee kilichokuwa kinatembea katika nchi nzima kilikuwa ni yeye na moto. Alimvuta Kamanda koti: Kamanda alitazama bendera. Alimshika Mama Nsia mabega akamtikisa: Mama Nsia machozi yalimtoka, lakini mikono aliibana ubavuni. Alifika chini ya dirisha akanyoosha mikono, ile mikono mikubwa, akaita, "Baba, ruka! Nitakudaka, ruka!"

Mzee alimwona. Nina hakika alimwona. Lakini tulikuwa tunaanza ubeti wa tatu, na ubeti wa tatu ndio unaotaja wajibu, na mkono wake ulibaki kwenye kipaji cha uso. Kisha dirisha likawa tupu, na karakana nzima ikapiga chafya ya cheche.

Tulimalizia beti mbili zilizobaki. Sauti ya tatu ilitoka vizuri, mwalimu alitusifu.

Waziri alishika kipaza sauti. Alikuwa ameguswa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimeambiwa yule mzee alikuwa kiwete. Kiwete! Lakini leo, mbele ya macho yenu, alipoiona serikali yake, alisimama! Nawauliza wale wanaosema serikali hii haijafanya kitu: ni serikali gani nyingine imesimamisha viwete?"

Makofi yalipigwa. Aliongea sana, aliongea kuhusu tatizo la magodoro yasiyo na nidhamu, aliahidi kwamba barabara hiyo itaitwa Barabara ya Mtandi. Alipokata utepe hakukuwa na nyumba ya kuzima, lakini makaa yalikuwepo, na kikosi hakikudharau. Askari sita walishika mpira, Kamanda akatoa amri. Mpira ulikohoa. Ulikohoa tena. Kikatoka kijiko kimoja cha maji ya kutu kikaangukia kiatu cha mkuu wa wilaya, na mshereheshaji akasema, "Vigelegele kwa maji hayo!"

Pilau siku hiyo ilikuwa na moshi kidogo. Tuliongeza pilipili.

*

Leokadia alishtakiwa kwa kutembea wakati wa wimbo wa taifa. Hakimu alimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa mfiwa, akamhukumu adhabu ya kielimu: aende kila asubuhi kwenye shule ya bweni iliyo jirani, akasimame na kwaya, aimbe wimbo huo mpaka aweze kusimama kama raia.

Ndivyo tulivyompata. Alikuja kila asubuhi na gauni lilelile, akasimama pembeni ya ubao wa matangazo, akaimba. Mwanzoni aliimba kama anayetafuna kokoto. Sisi tulimtania, maana ndivyo tulivyo. Onesmo alimwuliza kama na yeye anataka pamba. Hakukasirika. Alimtazama Onesmo miguu, akamwuliza, "Siafu walikuuma mpaka mwisho wa wimbo?"

"Mpaka mwisho, shangazi."

"Na mwalimu aliwaona?"

"Aliwaona. Alikuwa anaongoza."

"Na ungesogea?"

"Ningefukuzwa."

Leokadia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa njia, na kumbe njia anaijua. Tangu siku hiyo alijifunza kwa bidii. Alizijua beti zote tano kuliko mwalimu. Mwalimu alipougua koo, yeye ndiye aliyetuanzisha, mkono wa kulia, vidole vya chumvi. Alitufundisha kuimba polepole. Alisema siku zote tunauharakisha ubeti wa tatu.

Ulipotimia mwaka, serikali iliamua kumkumbuka marehemu. Pale ilipokuwa nyumba lilijengwa jiwe, na juu ya jiwe bakuli la shaba la Moto wa Kumbukumbu, ambao ungewaka daima. Waziri Mtandi alirudi kuuwasha. Safari hii mvua ilikuwa imenyesha, barabara haikuwa na vumbi, na gari jekundu lilisimama pembeni likiwa limejaa maji mpaka linacheua. Leokadia aliketishwa mstari wa mbele, ua kifuani. Sisi tulikuwa nyuma yake. Mwalimu alikuwa bado koo linamsumbua.

Kamanda Bundala alijaza bakuli mafuta ya taa kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi makubwa, ili mwali uonekane mpaka ikulu. Waziri alivaa joho jeupe lenye mikono mipana kama bendera. Aliinama na kiberiti.

Mwali ulionekana mpaka ikulu. Mkono wa kushoto wa joho nao ulionekana.

"Zima!" akapiga kelele waziri, akijipiga. "Bundala, zima!"

Kamanda alikimbilia mpira. Aliushika. Utepe ulikuwa umefungwa juu yake, mwekundu, na fundo zuri. Akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, jasho linamtiririka kwenye masharubu, "unaungua wewe mwenyewe. Sharti awepo mkubwa wako. Tunampigia Mtukufu."

"Mtukufu yuko ng'ambo anang'oa jino! Kata huo utepe, mbwa wewe!"

"Mheshimiwa, mtu hajizindui."

"Nipe mkasi!"

"Afande Chitete angesema nini, Mheshimiwa?"

Watu walianza kutazamana. Wengine, wale wasiolelewa vizuri, walianza kuinuka. Mama Nsia alikuwa ameshashika ndoo ya maji ya mihogo, na ninavyomjua angeimwaga. Fundi rangi, aliyekuwa ametoka jela wiki hiyo, alikuwa ameshavua shati ili amfunike nalo.

Ndipo Leokadia aliposimama. Aliligeuzia jiwe mgongo, akatukabili sisi, akainua mkono wa kulia, vidole vimekusanyika kama anayeokota chumvi.

Sisi ni watoto watiifu. Tukianzishwa, tunaanza.

Mama Nsia akaganda na ndoo yake. Fundi rangi akaganda na shati. Kamanda akapiga saluti kwa mkono mmoja, mwingine ukabaki kwenye utepe. Waziri alizunguka mara moja, akatutazama, akafungua mdomo. Kisha mazoea yakamshika, maana mazoea ni kitu kikubwa, akabana visigino akasimama wima.

Wimbo wetu wa taifa una beti tano. Tuliziimba zote, polepole, kama alivyotufundisha. Ubeti wa tatu tuliurudia.